Njoo, Nenda, Lete: Amri Tatu Zisizofuata Kanuni

Wahenga walinena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nami ningeongeza kuwa mtoto, kwa sehemu kubwa, hulelewa katika hali ya kuamuru. Kabla hajajua kusimulia ya jana wala kupanga ya kesho, huwa amekwisha kusikia mara zisizo na idadi: njoo, kaa, kula, lala, amka, lete, nyamaza. Maneno haya hayana kiambishi cha nafsi wala cha wakati. Ni kitenzi kimesimama peke yake, na huenda ndiyo sababu sisi wanafunzi wa Kiswahili huipitia sehemu hii ya sarufi kwa haraka, tukidhani kuwa ni nyepesi mno kutupotezea muda. Katika makala haya ninakusudia kuonyesha kuwa amri yakinishi ina mengi ya kutufunza, na kwamba namna tunavyoisahihisha yaweza kumjenga mtoto au kumvunja.

Mimi ni mzaliwa wa Bondeni, mojawapo ya mitaa ya kale ya Nakuru, jirani na Kivumbini na Flamingo. Nakuru yenyewe ni tunda la reli. Ilitangazwa kuwa mji mnamo mwaka wa 1904, na tarehe 1 Desemba 2021 ikatawazwa kuwa jiji. Wazazi wetu walifika huko kutoka pande mbalimbali kutafuta kazi, kila mmoja na lugha yake. Katika ploti tuliyokaa kulikuwa na Wagikuyu, Waluo, Waluhya na Wakamba, na katika chumba cha mwisho, karibu na mfereji, mama mmoja mzaliwa wa Mombasa. Jioni akina mama walipoita watoto, mama huyo alisema, "Njooni mle, wanangu." Wengine walisema, "Kujeni mkule." Sote tulielewa miito yote miwili, na hakuna aliyelala njaa kwa sababu ya sarufi.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya mvulana mmoja wa gredi ya sita. Kwa muda sasa nimekuwa nikiwasaidia watoto wa mtaani na masomo yao kila Jumamosi, na siku moja kijana huyo aliniletea insha ya mazungumzo aliyoiandika shuleni. Ilimhusu baba anayewaita watoto wake waanue nguo mvua isije ikazilowesha. Kalamu nyekundu ilikuwa imezungushia duara neno kujeni mara nne, endeni mara mbili, na leta mara moja. Chini ya ukurasa paliandikwa: "Acha lugha ya mtaani." Hapakuwa na maelezo mengine. Nilipomwuliza anaonaje masahihisho yale, alinijibu kwa sauti ya chini, "Mimi sijui Kiswahili."

Jibu hilo lilinishtua. Baba yake ni Mgikuyu na mama yake ni Mluo, na kila mmoja anajua maneno machache tu ya lugha ya mwenzake. Nyumbani kwao huzungumzwa Kiswahili tangu asubuhi hadi usiku. Kijana huyu huota kwa Kiswahili, hugombana kwa Kiswahili, na husali kwa Kiswahili. Ikiwa Kiswahili si lugha yake, basi hana lugha. Tangu insha ile irudishwe, aliniambia, alikuwa ameacha kuandika mazungumzo. Akipewa nafasi ya kuchagua, huchagua insha ya maelezo, ambayo haina mtu wa kumwita mwenzake.

Hebu basi tuitazame sarufi yenyewe. Kitenzi chenye asili ya Kibantu kinachoishia kwa irabu -a huamuru kwa kuondoa ku- tu: soma, andika, funga. Wanaoamriwa wakiwa wengi, huongezwa -ni, na irabu -a hugeuka kuwa -e: someni, andikeni, fungeni. Vitenzi vilivyotoka katika Kiarabu ambavyo haviishii kwa -a hubaki na irabu yao: jibu na jibuni, rudi na rudini, samehe na sameheni. Kiambishi cha yambwa kikiingia, -a hugeuka -e hata kama anayeamriwa ni mtu mmoja: tunasema soma kitabu, lakini kisome, saidia, lakini nisaidie.

Vitenzi vya silabi moja vina desturi yao. Hivi hubakiza ku- katika amri: kula, kunywa, kuwa, na kwa wingi kuleni, kunyweni, kuweni. Sababu ni mkazo. Neno la Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na amri yenye silabi moja haina silabi hiyo. Kwa hiyo ku- huletwa ili kuubeba mkazo, ingawa haina maana yoyote ya ziada pale. Yambwa ikiingia, mkazo hupata pa kukaa, nayo ku- huondoka: kula embe, lakini lile.

Kisha huja vile vitenzi vitatu ambavyo kila kitabu cha sarufi huvitaja kando: kuja, kwenda na kuleta. Amri zake ni njoo na njooni, nenda na nendeni, lete na leteni. Lete lafanana na umbo la dhamira tegemezi lililovuliwa kiambishi cha nafsi. Nenda limeongeza n- mwanzoni mwa mzizi, nalo lina ndugu yake mkongwe, enenda, ambaye wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanamfahamu. Njoo ndilo la mbali kuliko yote: hapana kanuni hai ya Kiswahili inayoweza kumtoa mtu kwenye kuja na kumfikisha kwenye njoo. Sharti ulisikie kwa mtu.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Anajua kuwa amri ya kula ni kula, na amri ya kunywa ni kunywa. Amri ya kuja itakuwa nini? Yeyote anayefikiri kwa utaratibu atajibu kuwa ni kuja. Kwa wingi, kula huwa kuleni na kunywa huwa kunyweni. Kuja itakuwa kujeni. Isitoshe, husikia kila siku anakuja, alikuja, atakuja, na katika maumbo yote hayo ku- ipo. Kwake yeye, na kwa wakazi wengi wa miji ya bara, ku- imekuwa sehemu ya shina lenyewe, ndiyo maana husema pia akuje na mkule, pale ambapo Kiswahili sanifu husema aje na mle. Hali kadhalika leta: ikiwa amri ya pita ni pita, na ya kata ni kata, kwa nini amri ya leta isiwe leta? Maumbo haya hayakuzaliwa na uvivu. Ni kanuni iliyopanuliwa ikaingia hadi mahali ambapo Kiswahili sanifu kimeweka mpaka.

Lugha za nyumbani nazo hazimpi sababu ya kuutarajia mpaka huo. Mgikuyu humwita mtu mmoja kwa ũka na wengi kwa ũkai, kutokana na shina lile lile la kitenzi cha kuja. Mluo husema bi kwa mmoja na biuru kwa wengi, na mzizi ni ule ule. Aliyelelewa na lugha hizo, au na wazazi waliolelewa nazo, hakutayarishwa kukuta kuja ikigeuka njoo.

Nililielewa jambo hili vizuri zaidi nilipokuwa nikijifunza lugha nyingine kabisa. Muhula mmoja nilihudhuria kozi ya mwanzo ya Kihispania, na somo lililotutoa jasho lilikuwa amri za vitenzi vinavyobadili tahajia. Katika Kihispania, kitenzi buscar, yaani kutafuta, humwamuru rafiki kwa busca. Lakini mtu anayestahili heshima, anayeitwa usted, huambiwa busque. Pagar, kulipa, ni paga kwa rafiki na pague kwa mheshimiwa. Cruzar, kuvuka, ni cruza na cruce. Recoger, kuokota, ni recoge na recoja. Wanafunzi wenzangu walinung'unika kuwa herufi zinabadilika ovyo. Mwalimu akatuambia tufumbe macho na tusikilize. Tulipofanya hivyo tukagundua kuwa sauti ya konsonanti haijabadilika hata kidogo. Herufi c mbele ya a husomwa k, lakini mbele ya e husomwa s, au th katika sehemu kubwa ya Uhispania. Herufi g mbele ya e hutamkwa kama kh. Kwa hiyo mwandishi hana budi kubadili herufi ili sauti ibaki ilivyo. Jambo lililoonekana kwa macho kuwa ni ukaidi, kwa masikio lilikuwa ni uaminifu.

Kiswahili kimeuepuka usumbufu huo. Peleka huwa pelekeni, funga huwa fungeni, na wala hatubadili k wala g, kwa kuwa k yetu ni k popote iendapo na g ni g. Tahajia hii haikushuka kutoka mbinguni. Mnamo mwaka wa 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa usanifishaji, na mwaka wa 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kusawazisha maandishi. Kwa upande wa herufi, kazi hiyo imetuachia urahisi ambao wanafunzi wa Kihispania wangeutamani. Kwa upande wa maumbo ya maneno, uteuzi wa lahaja moja ulimaanisha kuwa njoo itaandikwa vitabuni na kuja itabaki vinywani.

Hata hivyo, Kihispania nacho kina njoo yake. Amri ya venir, kuja, kwa rafiki ni ven, iliyokatwa mkia tofauti na vitenzi vingi. Katika Kiarabu, anayemwita mwenziwe husema taala, neno lisilotokana na vitenzi vya kawaida vya kuja. Katika Kiamhari kitenzi cha kuja ni metta, lakini mwanamume huitwa kwa na, na mwanamke kwa ney. Mwanaisimu Ljuba Veselinova, katika atlasi ya miundo ya lugha za dunia iliyochapishwa mwaka wa 2005, ameonyesha kuwa lugha zinapokuwa na amri yenye mzizi wa pekee, kitenzi cha kuja na cha kwenda ndivyo hasa vinavyohusika. Si ajabu. Maneno yanayotumiwa sana huweza kukaa na umbo lake la kale, maana mtoto huyapokea mdomoni mwa mama kabla hajatambua kuwa kuna kanuni. Njoo, basi, hudumu pale ambapo lugha hupokezwa toka kwa mama hadi kwa mwana bila kukatika.

Katika Bonde la Ufa Kiswahili hakikuingia kwa njia hiyo. Nakuru ilikuwa kitovu cha nyanda zilizotengewa walowezi wa Kizungu, na katika mashamba yale Kiswahili kilikuwa, kwanza kabisa, lugha ya bwana na mfanyakazi. Kiswahili cha walowezi, kilichopewa jina la Kisetla, kilijulikana kwa uchache wa viambishi na wingi wa amri. Katika miaka ya 1930 F. H. Le Breton alitoa kitabu kiitwacho Up-Country Swahili. Jina lake refu lawataja watu waliokusudiwa kukisoma: askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara, na wake zao. Mpishi, mtunza bustani na mkamuaji ng'ombe, ambao ndio wangeambiwa maneno hayo kila siku, hawamo katika orodha. Kule Njoro, mwendo mfupi kutoka Bondeni, Chuo Kikuu cha Egerton kilianza mwaka wa 1939 kama shule ya kilimo ya walowezi. Kikawa chuo kikuu mwaka wa 1987, na leo vijana wa Kiafrika husomea Kiswahili pale pale.

Ninaitaja historia hii kwa sababu moja. Babu na nyanya zetu wengi wa bara waliipokea amri kabla ya kupokea sarufi nyingine yote, tena waliipokea kutoka kwa watu wasiokuwa na haja ya kuwaambia tafadhali. Lakini walipoondoka mashambani na kukusanyika katika mitaa kama Bondeni, lugha ile ile waliifanya ya kuposea, ya kufarijiana matangani na ya kulelea watoto. Kujeni iliyosikika katika ploti yetu jioni haikuwa na bwana wala mtumwa. Ilikuwa na ugali na sukumawiki.

Nao waliijengea adabu. Hapa ndipo ninapoona kufanana kwa kupendeza na Kihispania. Nilisema kuwa heshima ya usted huigeuza a ya busca kuwa e ya busque. Kiswahili nacho, kinapotaka kulainisha amri, huikimbilia irabu ile ile: badala ya soma, tunasema tafadhali usome, badala ya ngoja, naomba ungoje. Lugha mbili zisizo na udugu wowote zimetumia dhamira tegemezi kwa kazi moja, yaani kumwachia mwenzako nafasi ya kuamua. Bondeni hakuna mtoto mwenye malezi anayemwambia mzee "kuja". Atasema, "Mzee, unaitwa," au "Naomba ukuje." Mezani atasema, "Nisaidie na chumvi," si "Leta chumvi." Mtu wa sanifu ataikosoa ku- ya ukuje na ataistaajabia na ya nisaidie na, lakini asiseme kuwa msemaji hana adabu ya lugha. Irabu -e ya heshima ipo mahali pake.

Kwa mujibu wa hayo, nilimfanyia nini kijana wangu? Nilimwandikia ubaoni kula, kunywa na kuja, nikamtaka anipe amri za vyote vitatu. Akasita, akitazama kalamu yangu. Nikamwambia anipe anavyosema nyumbani. Akasema: kula, kunywa, kuja. Nikamwambia kuwa amefuata kanuni sawasawa, na kwamba Kiswahili sanifu ndicho kinachoiacha kanuni hapo. Aliuliza, "Kwa nini kinaiacha?" Hilo ndilo swali ambalo wino mwekundu ulikuwa umelizima. Tukazungumza juu ya Waarabu na taala yao, Waamhari na na yao, Wahispania na ven yao. Alifurahi sana kusikia kuwa wapo watoto Addis Ababa ambao nao wana njoo ya kukariri.

Majuma mawili baadaye alileta mazungumzo mapya, aliyoyaandika kwa hiari yake. Makanga wa matatu anapiga kelele, "Kujeni, kujeni, gari inatoka!" Nyanya mmoja kutoka Pwani anawaambia wajukuu wake, "Njooni upande huu, tusikanyagwe." Hakuna aliyemwelekeza kuwagawia wahusika wake maneno kwa namna hiyo. Nilimweleza kwamba katika sehemu za insha zisizo ndani ya alama za mtajo, msimulizi atumie njoo, nenda na lete, kwa kuwa ndivyo mtihani unavyodai na ndivyo wasomaji wa Dar es Salaam, Zanzibar na Kampala watakavyomwelewa bila kusita. Aliyapokea maneno hayo bila kinyongo, kama mtu anayeonyeshwa chumba kingine katika nyumba yake mwenyewe.

Wapo watakaosema kuwa ninatetea Kiswahili kibovu. La hasha. Kiswahili sanifu ni mali yetu ya pamoja, na anayemnyima mtoto wa Bondeni njoo amemnyima ufunguo wa mitihani, wa vitabu na wa Afrika Mashariki nzima. Ninachokataa ni kumfundisha njoo kwa kumwambia kuwa hana lugha. Mwalimu wetu wa Kihispania hakutuambia tuache ujinga tulipoandika page badala ya pague. Alitueleza sauti inataka nini, nasi hatukurudia kosa.

Kwa wanafunzi wenzangu, hasa tunaotarajia kuwa walimu, nina ombi. Tunapokutana na umbo lisilo sanifu, tujiulize kwanza limefuata kanuni gani, kisha tuandike pembeni mwa daftari sababu hiyo pamoja na umbo sanifu. Maneno mawili tu, kwa mfano "kama kula", yangetosha kumwonyesha mwanafunzi kuwa tumeiona akili yake. Kwa wahadhiri wetu, ninapendekeza kuwa hali ya kuamuru ipewe nafasi zaidi katika kozi za isimujamii, na wanafunzi watumwe mitaani, Bondeni, Kivumbini na kwingineko, wakayakusanye maumbo haya jinsi yanavyosemwa na nani anamwambia nani. Data iko tele, tena haigharimu zaidi ya nauli ya matatu.

Kijana yule bado huniletea insha zake. Katika ile ya mwisho aliandika njooni mara tatu na kujeni mara moja, na ile kujeni aliifungia ndani ya alama za mtajo.